Naomba ushauri: chanja au kikaushio kwa biashara ya dagaa wakati huu wa mabadiliko ya tabianchi?

Ndugu zangu, salaam kutoka Mwanza. Ninanunua dagaa Ukerewe, ninawaanika ufukweni na kuwauza kwa jumla katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Mvua sasa hazitabiriki, na dagaa wakilowa kabla ya kukauka huoza, au huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Isitoshe, Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalimeza sehemu niliyokuwa nikianikia.

Ninafikiria kujenga chanja za nyavu zilizoinuliwa, au nikope nijenge kikaushio cha jua chenye paa la nailoni. Chanja ni nafuu na dagaa wake hawana mchanga, lakini hazizuii mvua. Kikaushio huzuia mvua, ila nahofia hakitatosha siku za giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, dagaa wanapopatikana kwa wingi. Nakumbuka pia jinsi Umoja wa Ulaya ulivyozuia samaki wa ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu za usalama wa chakula, kwa hiyo usafi nauchukulia kwa uzito.

Aliyewahi kutumia vyote viwili anieleze: nianze na kipi, na mkopo wa namna hiyo hurejeshwa kwa muda gani?