Naomba ushauri: mpwa wangu anazungumzia pepo ya Akhera tu

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima.

Nipo Ngamiani, Tanga. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 19, tangu Ramadhani iliyopita ameacha darsa la msikiti wetu na sasa anasikiliza mawaidha ya kwenye simu, ambayo karibu yote yanasimulia makasri ya peponi na njia ya mkato ya kuyafikia. Juzi alimpa jirani baiskeli yake, ile anayobebea madafu, akisema haihitaji tena. Mama yake hakulala.

Kuiamini Akhera si kosa, nami naiamini. Wazee wetu waliiogopa Siku ya Hesabu, na hofu hiyo ndiyo iliyowazuia kupunja hata kibaba cha mchele. Kinachonitisha ni mtu kuahidiwa kwamba kifo chenyewe ndicho njia, kama wale Wakristo wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa kuanzia mwaka 2023.

Nimemsomea Suratun Nisaa aya ya 29, isemayo "wala msijiue", akanijibu kuwa masheikh wetu wamelewa dunia. Nilipomnyang'anya simu alilala nje siku mbili, nikamrudishia.

Je, nizungumze naye vipi kuhusu Akhera asione kwamba naitukana imani yake? Na kwa kuwa hajavunja sheria yoyote, nianzie kwa sheikh wa kata, kwa ofisa ustawi wa jamii au polisi?