Naomba ushauri: shchi kwenye sufuria ya umeme, viazi vimegoma kuiva

Habari zenu wapishi. Niko Voronezh, Urusi, kimasomo, na baridi ya huku imenifundisha kupenda shchi, supu yao ya kabichi. Ninayoitaka ni ile ya kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, nyama ya ng'ombe yenye mfupa, karoti na kitunguu, juu yake kijiko cha smetana (krimu chachu). Zamani waliiacha kwenye jiko la udongo ambalo moto umeshazimika lakini joto lingalipo, ikaiva taratibu. Nikaona multivarka yetu ya bwenini, yaani sufuria ya umeme, lita 5, itafaa kabisa.

Juzi nikatia vyote pamoja na viazi kwa mpigo, moto mdogo, kwa muda wa saa 8, nikaenda zangu darasani. Kurudi, nyama inaachia mfupa yenyewe, safi. Lakini viazi! Unauma kinakatika kau, kama kibichi. Na mchuzi mkali mpaka meno yakaingia ukakasi. Mwenzangu wa chumba, Mrusi, alicheka kwanza, kisha akasema uchachu wa kabichi ndio unaozuia viazi kulainika.

Sasa nauliza: nitangulize viazi na nyama, kabichi niikaange pembeni kwa siagi na kuiongeza saa la mwisho? Au viazi niviache kabisa? Kuisuuza kabichi nako naogopa, isije ikapotea ladha yote.

Pia wanasema shchi ya kulala ndiyo tamu. Iliyolala inapashwaje bila kabichi kuwa uji? Aliyewahi kupika anisaidie, Jumapili nina wageni.