Tupeane uzoefu: Mtoto kajitolea miezi mitano kwenye shirika, sasa hata jina lake hawataki kuliandika

Mama wa Njiro

Wakuu habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu, hasa wazazi wenye vijana waliomaliza shule na nyie mliofanya kazi kwenye mashirika.

Binti yangu ana miaka 17. Alimaliza kidato cha nne Novemba, na kile kipindi mnakijua: Novemba mpaka Julai wanaporipoti kidato cha tano, mtoto yuko nyumbani na simu tu. Hapa Arusha kuna shirika linalohusika na afya ya wasichana mashuleni (jina sitaji, msinifuate PM). Nikampeleka mwenyewe, nikaongea na mratibu, tukakubaliana: siku nne kwa wiki, nauli juu yangu, chakula cha mchana juu yao. Hatukuandikishana chochote. Hapo nilikosea na najua mtanisema.

Mwanzo alikuwa wa kupanga viti na kugawa soda kwenye semina. Mwezi wa pili wakagundua anachora, wakampa kijitabu cha hedhi salama, kurasa 24. Picha zote kachora yeye, kwa mkono, kwenye meza yangu ya chakula. Mwezi mzima tulikula kwenye mkeka ili mchuzi usimwagikie karatasi za watu. Hata maneno alinyoosha. Rasimu aliyopewa iliandikwa "vifaa vya kujistiri vinavyotupwa baada ya matumizi", yeye akaandika "pedi za kutumia mara moja". Rasimu nzima ilikuwa hivyo.

Kijitabu kimetoka. Ndani kuna jina la mratibu, la meneja wa mradi, nembo za wafadhili, na jina la aliyepiga picha moja ya jalada la nyuma. La binti halipo. Akaomba basi barua ya kuthibitisha kwamba alijitolea, kwa sababu anaomba ufadhili wa masomo na fomu ina kipengele cha huduma kwa jamii, wanataka uthibitisho wenye muhuri. Akajibiwa kwamba sera hairuhusu kumpa barua aliye chini ya miaka 18, na kazi iliyofanyika ofisini ni mali ya ofisi.

Wakati anachora alikuwa na miaka mingapi?

Nimepiga simu mara tatu. Ya tatu niliambiwa mratibu yuko fildi, na sauti yake naisikia kwa nyuma anaagiza chipsi. Niende mwenyewe nikaongee nao ana kwa ana, au niache?

Kijiwe Mbauda

Pole mama. Ona sasa, soda alizogawa zina risiti, yeye hana.

Nilikuwa Huko

Dada, nimefanya kazi kwenye mashirika miaka tisa, mingi nikiwa upande wa takwimu na tathmini. Nikueleze linavyoonekana ukiwa ndani, halafu nitakuambia langu ambalo silisemi mara nyingi.

Sera ya ulinzi wa mtoto ipo kweli, na ina sababu. Hairuhusiwi kuanika jina kamili na sura ya mtoto bila ridhaa ya mzazi. Lakini dawa yake ni fomu ya ridhaa, mzazi anasaini, basi. Na wewe mzazi ndiye unayeomba! Kwa hiyo mtu akikutajia sera, mwombe akuonyeshe kifungu. Mara nyingi hakipo, au kipo na kinasema kitu kingine kabisa.

Kitu cha pili hawatakuambia. Kijitabu kama hicho kwenye bajeti ya mfadhili mara nyingi huwa na fungu la mchoraji. Sisemi ndivyo ilivyo kwenu, siwajui. Ila pale ambapo fungu lilikuwepo na kazi kafanya mtoto bure, jina la mtoto kwenye ukurasa wa pili ni swali ambalo mkaguzi atauliza.

Na mara nyingine ni uvivu tu. Mtoto hakufunguliwa faili, hakuna aliyeandika siku alizokuja, na sasa anayetakiwa kusaini anaogopa kuandika asichokuwa na karatasi yake.

Sasa langu. Dodoma, kijana wa miaka 16, likizo nzima aliingiza madodoso yetu kwenye kompyuta. Alikuwa makini kuliko sisi, kuna maswali mawili tuliyakosea namba yeye ndiye akayaona. Alipoomba barua, bosi akaniambia "usiandike, ataanza kudai posho". Mimi ndiye nilikuwa msimamizi wake. Sikuandika. Miaka miwili baadaye nikakutana naye stendi, akanipokea begi, akanipa shikamoo kwa heshima zote, akaniuliza habari za watoto. Afadhali angenitukana.

Ushauri wangu: simu acha. Andika barua pepe, uielekeze kwa mkurugenzi na nakala kwa mwenyekiti wa bodi, maana kila shirika lililosajiliwa lina uongozi juu ya huyo mratibu. Usilalamike. Weka tarehe aliyoanza, siku za wiki, kazi alizofanya, halafu ambatanisha barua unayoitaka ikiwa imeshaandikwa, imebaki kusainiwa tu. Ukimwachia mtu wa shirika aandike mwenyewe utangoja mpaka mradi ufungwe. Wakigoma kabisa, afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye anayeyasimamia haya mashirika kwa niaba ya Msajili. Nenda kuulizia utaratibu tu, usiende kushtaki. Taarifa zitawafikia zenyewe.

Upepo wa Kilifi

Salama mama. Mimi niko huku Kenya, langu lilikuwa dogo lakini latosha kufundisha. Mwanangu alikuwa miaka 15, yuko kwenye Tuzo ya Rais, ile ya vijana wa miaka 14 hadi 24, daraja la shaba. Pale lazima kila huduma ithibitishwe na mtu mzima aliyeiona. Akajiunga na kikundi cha kusafisha ufuo, Jumamosi kumi na tatu, akirudi nyumbani anuka mwani na viatu vimejaa mchanga.

Siku ya kusaini, kiongozi wa kikundi akakataa. Kisa? Siku ya kupiga picha na mgeni rasmi kijana hakuja, alikuwa na homa. "Huyu hatukumuona." Jumamosi zote zile hukumuona, ila siku ya picha ndiyo waikumbuka!

Sikugombana naye. Nilimwendea mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, mzee mmoja ambaye kila Jumamosi alikuwa pale akitengeneza nyavu. Akasema, "Huyu kijana ndiye aliyenitolea kamba kwenye rafadha ya mashua." Akaandika kwa mkono wake, ukurasa mzima, na mwalimu anayesimamia tuzo akaukubali. Tangu siku hiyo mdogo wake atembea na daftari, kila akimaliza kazi asainiwa papo hapo kabla ya watu kunawa mikono.

Kwa hiyo mama, tazama ni nani mwengine aliyemuona binti akifanya kazi. Walimu wa zile shule walizokwenda semina? Yule aliyekuwa akipika chakula cha mchana?

Bi Mkubwa wa Baltimore

Huku Maryland masaa 75 ya huduma ni sharti la kumaliza sekondari, kwa hiyo hii vita naijua. Mwanangu aligawa vyakula kwenye ghala la msaada kipindi cha kiangazi, mratibu akaacha kazi, aliyekuja akasema kumbukumbu hakuna. Tulichokuwa nacho ni kundi la WhatsApp ambalo kila wiki walitangaza zamu, jina la mtoto limo. Nikapiga picha za skrini zote, nikazipanga kwa tarehe, nikampelekea mshauri wa shule. Akapiga simu mwenyewe. Masaa yakapita isipokuwa manne. Hayo manne nimeyasamehe.

Kanzu na Joho

Mama wa Njiro, barua na jina kwenye kijitabu ni vitu viwili, usivichanganye kwenye barua pepe moja.

Barua ni ya kuomba. Cheti cha utumishi ni haki ya mwajiriwa, na binti hakuwa mwajiriwa, kwa hiyo usiende na sheria ya kazi, watakucheka.

Jina ni jambo jingine. Michoro inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na aliyeichora ana haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeichora. Umri hauondoi hilo. Hoja ya "kazi ya ofisini ni mali ya ofisi" ina nguvu kwa mtu aliyeajiriwa. Kwa mtoto aliyejitolea, asiye na mkataba, na kachorea mezani kwako, wana kazi ngumu ya kuithibitisha. Hakimiliki haihami kwa mtu kula wali maharage ya ofisi.

Karatasi halisi ziko wapi? Kama wamezichukua, kuna chochote kinachoonyesha ni mkono wake? Usitishie mahakama lakini. Kwa hili, nauli ya wakili itazidi faida.

Mama wa Njiro

Asanteni sana, mmenifungua macho. Karatasi walizichukua kwenda kuskani, hazikurudi. Lakini kuna kitu.

Huyu mtoto tangu darasa la tatu kila anachochora anaweka konokono mdogo kwenye kona, ndiyo sahihi yake. Kwenye kijitabu wamekata kingo za picha zote. Jana usiku tumekaa na tochi ya simu tunapekua ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa 9, msichana anafua kitambaa, nyuma yake kuna tenki la maji. Konokono yupo chini ya bomba. Hakuwekwa kwenye kona ndiyo maana hawakumkata. Na madaftari yake ya Fizikia yamejaa huyo huyo.

Mchunga Mbuzi

Huyo konokono apewe posho.

Zamani Nilikuwa Mtoto

Samahani mama, shikamoo. Mimi nina miaka 20 sasa, mimi ndiye yule mtoto. Nilijitolea kituo cha watoto huko Moshi, nikafundisha Hesabu mwaka mzima, barua wakaninyima. Mama yangu akaenda pale akafoka mpaka majirani wakatoka nje. Barua nilipewa siku ileile. Sijawahi kuitumia. Nilipokuwa napita ile barabara nilikuwa nashuka kituo cha nyuma nitembee kwa kuzunguka, ili wale watoto wasinione.

Hapa kila mtu amesema vizuri sana, ila sijaona mtu aliyeuliza binti anataka nini.

Mama wa Njiro

Marahaba mwanangu. Hiyo ilinichoma, nikanyamaza siku mbili.

Nikamuuliza. Nilidhani atasema barua, maana fomu ya ufadhili ina tarehe yake. Akaniambia, "Barua mimi sina neno nayo mama. Walivyomkata konokono ndiyo imeniuma."

Basi leteni masikio. Barua pepe aliandika yeye, mimi nikasoma tu koma. Kwa mkurugenzi, nakala mwenyekiti wa bodi. Ya kwanza ya uthibitisho, ya pili ya michoro, kama alivyosema Kanzu na Joho, na ukurasa wa 9 umeambatanishwa na kurasa mbili za daftari la Fizikia. Siku ya sita wakajibu. Barua ya kwanza waliyoleta ilisema "alisaidia shughuli mbalimbali za ofisi". Mimi ningeipokea, nisiwadanganye. Yeye akairudisha, akawatumia tena ile aliyoiandika, yenye neno "alichora". Juzi imerudi na sahihi ya mkurugenzi na muhuri, imekunjwa vibaya lakini ipo.

Kuhusu kijitabu wamesema nakala zimeshasambazwa, toleo lijalo "wataliangalia". Karatasi halisi wamerudisha 19. Tano hazijaonekana, ya ukurasa wa 9 ikiwemo. Mratibu hajanipigia, na mimi sijampigia.

Nilikuwa Huko

Dada, yule kijana wa Dodoma namba yake ninayo. Nimeandika barua yake jana, kwa jina langu mwenyewe maana ofisi ile haipo tena. Sijui kama itamfaa kitu sasa hivi. Nimemtumia.

Mwalimu wa Zamu

Nachelewa kwenye uzi huu lakini niseme. Wiki iliyopita shuleni kwetu tuliletewa boksi la vijitabu vya hedhi, na kwa nilivyosoma hapa nikaenda kufungua stoo. Kurasa 24. Nikawaita wasichana wa darasa la sita, nikawaambia fungueni ukurasa wa 9, kuna mdudu kajificha. Dakika haikupita mmoja akapiga kelele, "Teacher, yuko chini ya bomba!" Sasa wanatafuta kurasa nyingine zote, na wamegoma kunirudishia vitabu.