Naomba ushauri: Zaburi 88 kwa mtu aliyekata tamaa

Shalom wapendwa. Naomba ushauri wa wanaowahudumia waliofiwa au walioelemewa na magonjwa.

Zaburi 13 inafaa kuanzia. Ina mistari 6 tu: wa 1 na 2 ni malalamiko, 3 na 4 ombi, 5 na 6 tumaini. Kinachoharibu ni haraka. Msomaji anakimbilia "nimeitumainia fadhili zako" wakati mwenye huzuni bado yuko kwenye "hata lini?", maneno yanayorudiwa mara 4 katika mistari miwili ya kwanza. Asipopewa nafasi ya kuyasema kwa kinywa chake, tumaini linamfikia kama karipio. Warumi 8:28 nayo (kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao), kweli tupu, huumiza vivyo hivyo ikitolewa mapema. Afadhali kusoma miwili ya kwanza, kunyamaza dakika kadhaa, na kuiacha mingine siku nyingine. Na ale, alale: nabii Elia, alipokata tamaa katika 1 Wafalme 19, alilala, akalishwa, akalala tena, akalishwa tena, ndipo akaanza safari ya siku 40.

Sasa Zaburi 88 mnaitumiaje? Haigeukii tumaini, inaishia gizani. Imani yake yote imeshikilia mstari wa 1, "Mungu wa wokovu wangu". Je, ni salama mtu aisome peke yake usiku, au asome akiwa na mwenzake tu? Na akisema anataka kufa, mnampelekaje kwa daktari siku hiyohiyo bila yeye kuona kanisa limemtupa?