Naomba ushauri: Mama anakwenda London mwezi wa saba

Wakuu, habari za leo. Mama yangu, mkazi wa Kibosho hapa Moshi, anakwenda London kumtembelea dada. Huku Julai ni baridi na ukungu, kwa hiyo begi limeshajaa masweta. Simlaumu, kila mtu huku anajua Ulaya ni baridi. Lakini Julai ya mwaka 2022 joto la kule lilipita nyuzi 40, na nyumba nyingi hazina kiyoyozi.

Kinachonitisha zaidi ni treni za chini ya ardhi. Dada anaishi upande wa Central line, ambayo mabehewa yake hayana kiyoyozi, na jioni watu hubanana kuliko daladala zetu siku ya soko. Mama ana presha. Je, basi linamfaa zaidi hata kama linachelewa, au atoke baada ya saa nne asubuhi, watu wakishapungua?

Halafu jua: linazama baada ya saa tatu usiku! Mama hulala saa mbili, kuku wakishaingia bandani. Waliowahi kupeleka wazazi, waliwezaje kupata usingizi?

Na masweta nimpunguzieje, maana hanisikii kabisa.