Gaiza za El Tatio kule Chile, mita 4,300, naweza kwenda na kurudi siku moja?

binti_wa_Kirumba
Habari za leo wadau, mwangaluka kwa wale wa huku kwetu Mwanza. Naombeni ushauri maana hapa nyumbani kila mtu ana lake. Kazini wananipeleka Chile mwezi wa saba, mafunzo ya wiki mbili Puerto Montt, mambo ya ubora wa samaki (mi niko kwenye minofu ya sangara, wenzetu kule ni salmoni). Mafunzo yakiisha nimeombewa siku nne zangu mwenyewe kabla ya kurudi, na nimeipania sehemu moja inaitwa El Tatio, kaskazini kabisa kwenye jangwa la Atacama, maji yanachemka chini ya ardhi halafu yanaruka juu na mvuke kama sufuria mia zimefunuliwa kwa pamoja, ndo hizo gaiza. Niliona kwenye simu ya mtu ndani ya daladala ya Igoma, nikachungulia mpaka nikapitiliza kituo.

Mpango wangu uko hivi, nafika San Pedro de Atacama jioni, alfajiri yake natoka na gari la watalii, mchana nimerudi, siku zinazobaki nazimalizia Santiago madukani. Sasa tatizo wanasema kuko mita 4,300 na mi pa juu kabisa nilipowahi kupanda kwa miguu ni kilima cha Bugando kwenda kuona mgonjwa. Mama anasema huko hewa hakuna nitarudishwa kwenye sanduku. Inawezekana au nijikatie tamaa mapema? Na baridi ikoje, maana sweta nililonalo ni moja na ni la shule. Halafu eti ni kweli unaweza kuchemshia yai kwenye yale maji?

kapteni_wa_Kamanga
Yai tu? Beba na unga kabisa usonge huko huko

MzeeWaNyegezi
Dada nisikilize mimi maana nimefika, na kosa unalotaka kulifanya nimelifanya neno kwa neno.

Nilienda miaka ya nyuma kidogo, nilikuwa na semina Santiago. Ndege mpaka Calama kama saa mbili hivi, halafu gari saa moja na nusu mpaka San Pedro, kamji ka udongo, barabara vumbi tupu, ungedhani uko Shinyanga kiangazi isipokuwa kwa mbali unaona volkano zina theluji. San Pedro yenyewe iko mita 2,400 hivi, hapo mtu hahisi kitu, sana sana midomo inakauka. Nikajiona mwamba. Jioni nikala nyama ya nguvu nikashushia na divai mbili tatu, nikalala saa sita, saa kumi na nusu jamaa wa gari anagonga mlango.

Ni kama kilomita 90, mnapanda tu gizani, kona juu ya kona, karibu saa mbili. Nusu ya njia kichwa kikaanza, sio kichwa kile cha malaria, hiki ni kama mtu amekuvika kofia ya chuma halafu anaikaza taratibu. Tulipofika nikashuka, nikapiga hatua kumi, nikarudi kutapika pembeni ya tairi. Basi. Gaiza zenyewe nimeziangalia kupitia kioo cha gari kilichoganda barafu kwa ndani, nafuta na mkono, kinaganda tena. Na hela nimelipa yote. Aliyeniuzia safari alijua nimefika jana yake na hakusema kitu, ila sitamlaumu sana, mi mwenyewe sikuuliza.

Kwenye gari letu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kabisa, kanizidi miaka ishirini, anatembea na kamera yake huku na huku kama yuko bustanini. Nilipomuuliza akasema yeye ana siku ya nne San Pedro. Hapo ndo nikaelewa.

Kwa hiyo siku moja inawezekana, safari yenyewe ni ya nusu siku, saa sita mchana mmesharudi. Ila isiwe siku ya pili yako pale. Siku zako nne zote zipeleke San Pedro, Santiago achana nayo, maduka yapo hata Makoroboi. Ukishafika pumzika. Kesho yake nenda Valle de la Luna, iko karibu na haina mwinuko. Siku ya tatu nenda Laguna Chaxa kwenye uwanja wa chumvi ukaone heroe, nako chini. El Tatio iwe ya mwisho.

Kuhusu baridi, Julai kule ndo katikati ya kipupwe, alfajiri inashuka nyuzi kumi chini ya sifuri na zaidi. Nenda Mlango Mmoja ukachambue mitumba, tafuta jaketi la manyoya ya bata, glavu, kofia ya kufunika masikio, na soksi za sufu pea mbili. Vaa tabaka tabaka maana jua likishapanda unavua kimoja kimoja, ikifika saa nne uko na fulana. Simu iweke ndani karibu na mwili, betri kwenye baridi ile inakata kama umeme wa mgao.

mpagazi_mstaafu
Mzee hapo juu kasema kweli tupu. Mi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa kabla sijahamia huku Buzuruga kwenye biashara ya mbao, ngoja niwape hesabu ya mlima wetu. Kambi ya Horombo iko mita 3,720, kambi ya Kibo 4,720. El Tatio inaangukia katikati. Sasa mgeni wa njia ya Marangu anafika Kibo siku ya tatu, na wenye akili wanaongeza siku moja ya kukaa Horombo mwili uzoee. Wewe unataka kutoka 2,400 mpaka 4,300 kwa gari kabla hujapiga mswaki. Kule juu kila pumzi unayovuta inakupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni ya pwani.

Na usije ukajidanganya eti mi kijana, mi mzima, nakimbia kila asubuhi Capri Point. Nimeshusha vijana wanajeshi wa watu na machela huku bibi wa miaka sitini na kitu anapita pole pole anatusalimia. Mwili kuzoea hauangalii msuli. Halafu ww utakuwa umetoka wiki mbili usawa wa bahari, hata hii 1,134 yetu ya ziwani utakuwa umeisahau.

Ukifika kule tembea kama umemsindikiza bibi harusi. Usikimbie, usiiname ghafla kufunga kamba za viatu. Kichwa kikigonga kidogo ni kawaida, kunywa maji kaa chini. Ila ukianza kuyumba kama mlevi, au unakohoa na pumzi haitoshi hata umekaa, hapo hakuna cha chai wala kidonge, dawa ni kushuka. Mwambie dereva.

kapteni_wa_Kamanga
kumbe bibi harusi anasindikizwa kwa sababu ya oksijeni 😂

nesi_wa_zamu
Naongezea moja ambalo hamjaligusa na kwa watu wa kanda ya ziwa ni la muhimu. Da mdogo, umeshapima selimundu? Huku kwetu wapo wengi sana na wengine hawajijui. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende kabisa urefu ule, oksijeni ikipungua chembe za damu zinajikunja zinaziba mishipa, hiyo ndo sanduku analosema mama. Hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye huku chini haumwi chochote, kuna nadra wengu unapata shida juu kule, kwa hiyo aongee na daktari kwanza. Na damu kama iko chini ishughulikie kabla ya safari. Kipimo sio kitu kikubwa, nenda tu.

Kuna dawa ya kuzuia inaitwa acetazolamide, unaanza siku moja kabla ya kupanda. Usinunue dukani kwa kusikia, akuandikie daktari hasa kama una aleji ya salfa. Itakukojoza na vidole vitawasha washa kama vimekufa ganzi, usiogope. Usiku wa kuamkia safari pombe hapana, dawa za usingizi hapana, kula chakula chepesi.

Na chai ya majani ya koka watakupa pale hotelini, wenyeji wanaitumia tangu enzi kwa huo ugonjwa wa mwinuko, wao wanauita puna. Inywe ukipenda ila jua kwamba ukipimwa mkojo kazini inaweza kusoma kokeini, na hata jani moja usirudi nalo kwenye begi.

jamaa_wa_Dunga
Habari zenu majirani, mimi niko Kisumu upande huu mwingine wa ziwa. Sasa dada kwani ni lazima uende mpaka Chile? Njoo Bogoria hapa Kenya, maji inaruka vizuri tu na flamingo wako, na hakuna mambo ya oksijeni kwa sababu iko chini ya mita elfu moja. Shida tu ni ziwa lilipanda miaka hii ya juzi na likameza sehemu ya zile gaiza. Lakini bado utaona. Ukienda Bogoria hata mama hatalia.

MzeeWaNyegezi
Jamaa wa Dunga, dada anatumwa Chile na kampuni, nauli keshalipiwa, wewe unamwambia apande basi la Sirari 😀 Bogoria ataenda pasaka.

Dada nilisahau la yai. Zamani waongozaji walikuwa wanachemsha mayai na maziwa ya boksi humo humo wanawapa wageni kifungua kinywa. Urefu ule maji yanachemka nyuzi 86 tu badala ya 100, kwa hiyo yai linachelewa, na maharage usithubutu hata kuwaza. Ila maji yenyewe yana aseniki nyingi ya asili, usionje na usichemshie kitu cha kula.

Halafu usitegemee yaruke kama bomba la zimamoto. Mengi ni goti, kiuno, machache ndo yanapita kimo cha mtu mara kadhaa. Ziko zaidi ya 80, hakuna uwanja mkubwa kuzidi huo kusini mwa ikweta. Kinachoonekana kikubwa ni mvuke, na ndo maana mnaamshwa usiku. Baridi ya alfajiri inaugeuza matone madogo madogo unaonekana nguzo nyeupe, jua likishapasha hewa mvuke bado unatoka vile vile ila huuoni, watu wanadhani gaiza zimezimwa.

Usivuke mistari ya mawe. Ardhi pale juu ni kama utando wa uji, chini yake maji yanachemka, kuna watalii walishatumbukia wakafa. Kiingilio uwe na pesa taslimu za kwao, mara nyingi hakimo kwenye bei ya gari, kinaenda kwa wanakijiji wa Toconce na Caspana ambao ndo wanasimamia eneo. Ni haki yao kabisa kwa maoni yangu, maana mwaka 2009 kampuni ya umeme ilikuwa inachimba visima vya joto hapo, kisima kimoja kikafyatuka mvuke mita 60 juu, mradi ukafia hapo.

Wakati wa kurudi mtasimama kakijiji kanaitwa Machuca, kakanisa keupe, nyumba za nyasi, kuna mishikaki ya lama, mnyama wanayemfuga kule. Mi sikuweza hata kuinusa. Wewe ule na wa kwangu.

binti_wa_Kirumba
Jamani asanteni, nimenyamaza siku mbili nasoma tu. Nesi, nimeenda kupima jana, majibu salama. Santiago nimeifuta. Jaketi nimepata Mlango Mmoja elfu kumi na tano, jekundu, mama kaliona kanyamaza, nadhani hiyo ni ruhusa.

binti_wa_Kirumba (wiki saba baadaye)
Nimerudi na sipo kwenye sanduku.

Nilifanya kama mlivyosema, siku tatu chini, ya nne nikapanda. Kichwa kiligonga kidogo tukiwa tunakaribia, nikala biskuti nikanywa maji kikatulia. Ila mpagazi ulisahau kusema kwamba hata kucheka kunachosha! Dereva alitoa utani nikacheka nikabaki nahema kama nimepandisha ndoo ya maji Bugando. Kipimajoto cha gari kilisoma hasi 12. Sikuhisi miguu nusu saa nzima, soksi pea mbili hazikutosha, atakayeenda avae tatu.

Halafu ile sauti. Kwenye video hamna. Ardhi inaguguma kabla ya maji kutoka, kama mtu anataka kusema kitu anajizuia, halafu inatema. Nilisimama kwenye moja muda mrefu mpaka mwenzangu mmoja akaja kuniuliza kama niko sawa. Jua lilivyotokea nyuma ya milima mvuke wote ukageuka rangi ya machungwa, dakika chache tu, watu wakanyamaza wote. Njiani tukaona vikunya, ni kama swala aliyefuga sufu. Mishikaki ya lama nimekula mitano, mzee, na wako umo humo. Inakaribia mbuzi ila kavu kidogo, ingepata pilipili na ndimu ya kwetu tungeongea mengine.

Picha mnisamehe. Simu niliitoa kwapani mara moja tu ikazima na asilimia 64. Nilizopata ni tatu, na moja ni glavu yangu.

kapteni_wa_Kamanga
weka hiyo ya glavu tuione