Diploma yangu ya uuguzi iko kwenye sanduku: kuna aliyerudia kazi yake?

Wazee, mama, ndugu wa Bukavu, hamjambo.

Mimi ni mtoto wa Kadutu, nina miaka mitatu hapa Liège, Ubelgiji. Nyumbani nilikuwa muuguzi A1, yaani wa chuo cha juu, nilifanya miaka sita kwenye maternite, wodi ya wazazi. Hapa nasafisha nyumba za watu. Kazi haijanishinda. Kinachoniumiza ni kwamba nimeacha kujiita muuguzi. Mtu akiniuliza nilifanya nini nyumbani, najibu "nilikuwa hospitalini", basi. Kuna aliyerudia kazi yake kweli, au nitulie na mshahara unaoingia?

Dada wa Kadutu

*

Binti yangu, pole, na asante kwa kuuliza waziwazi.

Nami nilisafisha, miaka tisa. Nilisema ni miezi mitatu tu, nipate dhamana ya nyumba. Mwezi wa kwanza nikatuma pesa Bukavu. Wa pili mdogo wangu akaandikishwa ISTM, chuo cha afya, kwa pesa ileile, na toka hapo sikuthubutu kugusa kitu. Sisi wageni tunashika kazi kama abiria aliyeng'ang'ania ukingo wa mtumbwi ziwa Kivu likichafuka: hatuangalii tunakopelekwa, tunaangalia tusianguke.

Na jambo hili limeanzia mbali. Tumeona walimu wetu wakiishi kwa pesa za wazazi wa wanafunzi, miaka na miaka, mpaka shule ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2019. Kwetu kazi ya diploma na kazi ya kulisha watoto ziliachana zamani: asubuhi mwalimu, jioni muuza makaa. Kwa hiyo tukifika huku na kupewa ufagio, hatushtuki. Uvumilivu huo ulituokoa. Lakini huku diploma isiyopelekwa ofisini hakuna atakayekuja kuiulizia.

Sasa karatasi. Liège ni upande wa Kifaransa, dosie yako inakwenda Fédération Wallonie-Bruxelles, serikali ya upande huo. Ungekuwa Antwerpen, upande wa Kiflemi, ingekwenda NARIC, ofisi yao ya kutambua diploma. Tafadhali usiishie kwenye ekivalansi (utambuzi wa diploma) ya kiwango! Hiyo inasema umesoma masomo ya juu, haikuruhusu kumhudumia mgonjwa. Uuguzi unalindwa na sheria: unataka ekivalansi kamili, halafu viza ya wizara ya afya, ambayo haihusu safari, ni ruhusa ya kufanya kazi hiyo. Watachunguza masomo na saa za staji, yaani mazoezi ya kazi, basi tafuta releve za pointi za kila mwaka, zote.

Wanaweza kukuambia urudie sehemu ya masomo. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa na miaka 44, nikalia ndani ya tramu mbele za watu. Nikarudi darasani na watoto. Leo niko kwenye nyumba ya wazee, jina langu liko kifuani, na daktari akiniuliza hali ya mgonjwa namjibu nikimtazama machoni. Mshahara haukupanda sana, sitakudanganya.

Jambo moja nililokosea: sikuwaambia nyumbani kwamba pesa zitapungua. Nikakopa ili niendelee kutuma vilevile. Lile deni lilinitesa kuliko masomo yenyewe. Wewe waambie mapema, hata kama mama atanyamaza kwenye simu.

Mama wa Nguba, Brussels

*

Dada, mimi sikuondoka, niko hapa Ibanda. Usiogope habari ya releve. Nilishatuma za kaka yangu: waasi wa M23 walipoingia mji Februari 2025, njia ya ndege ya Kavumu, uwanja wetu, ilikatika, zikavuka mto Ruzizi mkononi mwa jirani hadi Kamembe, Rwanda, kisha Kigali, zikafika salama. Piga picha kila ukurasa kabla hazijavuka, ndilo sharti langu.

Niandikie barua ya kunipa ruhusa, yenye sahihi yako, pamoja na matrikule (nambari yako ya chuoni) na mwaka uliomaliza. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa sekretari wa chuo chako.

Mdogo wenu wa Ibanda